Nilisema Niko Bien

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandika malalamiko ya watu wengine. Nina kibanda cha sekretaria pale Kikula, hapa Likasi: meza mbili, kompyuta mbili, na mashine ya fotokopi yenye hasira za haraka kama mwenyewe. Watu wanakuja na shida zao mdomoni, mimi ninazigeuza barua: mjane aliyenyang'anywa kiwanja, mpangaji aliyefungiwa mlango, mwalimu anayeomba ahamishwe karibu na mke wake (au mbali naye, hiyo pia nimeandika). Ukutani nimebandika onyo kwa herufi kubwa: SOMA MBELE YA KUTIA SAINI. Mteja akishika kalamu kabla hajasoma, ninamkaripia kama mwanangu. Kuna waliochoka na mdomo wangu wakahamia kwa jirani, ambaye anaandika ovyo lakini ana adabu.

Sasa niseme wazi, tusizungushane. Siku niliyogongwa na gari, mimi huyuhuyu nilitia saini hati ya polisi bila kusoma hata neno moja.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa natoka Kakontwe na mfuko wa chokaa kwenye kiti cha nyuma, kwa sababu dada yangu alikuwa anakuja kutoka Lubumbashi kula Pasaka nasi, na dada yangu hamalizi kuvua viatu kabla hajakagua kuta. Gari lilikuwa la marehemu mume wangu, kuukuu, usukani upande wa kushoto, si kama haya mengi ya siku hizi yanayokuja kwa njia ya Dar na usukani wao wa kulia. Nilifika kwenye njia panda karibu na soko. Zamu ya kupita ilikuwa yangu. Kwetu anayetoka kulia ndiye anayetangulia, na pikapu moja lilikuwa linatoka kushoto. Nililiona lile pikapu likija na magodoro yamepangwa mpaka juu. Nikasema moyoni, atasimama. Hakusimama. Lilinigonga ubavuni, palepale mlangoni kwangu, mahali nilipokuwa nimeegemeza mkono wa kushoto kwa raha zangu zote.

Mshindo wenyewe siukumbuki. Ninakumbuka chokaa. Mfuko ulipasuka, gari likajaa wingu, na waliponitoa nje nilikuwa mweupe pe, kuanzia nywele hadi viatu. Muuza mboga mmoja alipiga kelele kwamba nimeshakuwa mzimu, akakimbia, akaacha mafungu yake ya lengalenga chini. Miwani ilikuwa imevunjika. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia tu, nikautazama kama mkono wa mtu mwingine.

Mwenye pikapu alikuwa ameshtuka kuliko mimi. Ni mfanyabiashara wa magodoro, mwanamume wa makamo mwenye kofia nyeupe ya Kiislamu, ukoo wake ulitoka upande wa Maniema zamani. Hakujua afanye nini na mikono yake, basi akaipa kazi anayoijua: akashusha godoro moja jipya, bado limo ndani ya plastiki, akalitandika kivulini pembeni ya barabara na akaniketisha juu yake. "Pole mama," alikuwa anasema, "pole sana mama, sikukuona." Plastiki ilikuwa inalia kila nilipojigeuza.

Hivyo ndivyo polisi wa roulage, wale wa barabarani, alivyonikuta, mama mweupe juu ya godoro jipya kama bibi arusi. Alikuwa na daftari mkononi na jasho usoni. Akainama kidogo, kwa heshima.

"Yambo, mama."

"Yambo sana, papa."

"Uko namna gani?"

"Niko bien, aksanti. Na weye?"

"Minye pia niko bien."

Halafu akaandika.

Mtu wa Likasi akisikia habari hii anacheka kabla sijamaliza, kwa maana anajua yeye pia angejibu hivyo. Salamu ina mwendo wake. Mama yangu, aliyezaliwa na baba aliyetoka Kasai kuja kufanya kazi ya migodi, alitulea na sheria moja: mtu akikuuliza habari, jibu la kwanza ni "bien", yaani vizuri, hata kama una homa ya kukutoa roho. Kwanza unaitika, kisha ndipo unapewa ruhusa ya kufa. Kumwagia mtu matatizo kabla salamu haijaisha ni kukosa malezi. Mimi nilikuwa nimemaliza salamu na nilikuwa najiandaa kuanza habari yenyewe, kwamba papa, mkono wangu umevunjika. Lakini watu walikuwa wameanza kubishana nani alitangulia, na yule polisi akaenda kupima barabara kwa hatua zake. Aliporudi alinipa karatasi. Sina miwani, macho yamejaa chokaa, kichwa kinazunguka. Nikasaini kwa mkono wa kulia, saini nzuri, ile ya kazini.

Hospitali walikuta kiwiko kimevunjika mahali pawili. Nikafungwa plasta, nikawa mgonjwa mwenye kelele, nikaruhusiwa kwenda nyumbani, nadhani kwa sababu ya kelele. Plasta ilipotolewa baada ya majuma kadhaa, kidole kidogo na kile cha pete vilikuwa vimelala. Nikiviamuru vikunjuke, vinanitazama. Daktari alinieleza kwamba mshipa wa fahamu umebanwa pale kiwikoni na nahitaji upasuaji wa pili, Lubumbashi, kwa mtaalamu wa mifupa. Akaongeza kwa sauti ya chini: tusingoje sana, mama, mshipa ukikaa hivyo muda mrefu vidole havirudi tena.

Kwa mtu mwingine vidole viwili vya kushoto pengine ni hasara ndogo. Kwenye kibodi yetu ya Kifaransa, herufi a inakaa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Jaribu kuandika Kiswahili bila a. Mimi nilijaribu. Barua ya kwanza ilianza "Bwn Mkurugenzi" na mteja akaniuliza kama nimeokoka nikaanza kunena kwa lugha. Nilicheka naye. Alipoondoka nilifunga mlango nikalia, na sioni aibu kusema nililia, kwa kuwa kazi hii ndiyo iliyowalea watoto wangu baada ya baba yao kufariki, na sina nyingine.

Basi nikaenda kwa watu wa bima ya yule mwenye magodoro. Ajenti alinipokea vizuri, akanivutia kiti, akatoa nakala ya hati ya polisi, ile tunayoiita PV, akaweka kidole kwenye mstari.

"Mama, bima inalipiaka bantu benye kuumia. Weye apa ulisema uko bien."

Nilisoma. Kwa Kifaransa kizuri kabisa, bila kosa hata moja la tahajia, hati ilisema kwamba mhanga, akiwa ameketi na mtulivu, anatangaza kuwa yuko vizuri. Chini yake saini yangu. Nilimwambia ajenti kwamba ile ilikuwa salamu. Akasema anaelewa, kwao pia wanasalimiana, lakini kampuni inalipa kwa karatasi.

Wakati huohuo nyumbani kwangu palikuwa na mikutano. Mwenye magodoro alikuja na mke wake, wameleta sukari na majani ya chai, wakaketi kwa adabu kwenye ukingo wa viti. Mke ndiye aliyesema: tupatane kinyumbani, mambo ya mahakama hayana mwisho. Mume alitazama mkono wangu wakati wote na hakusema mengi. Walipotoka wakaingia mama za kanisa langu, ambao walikuwa wamesikia kwamba nafikiria kushtaki.

"Mama, utatuma baba ya batoto ku Buluo?"

Buluo ni pale kwenye gereza kuu, na mtu akilitaja jina hilo hapa kwetu hana haja ya kuongeza kitu. Nilikasirika. Niliwaambia, "Minye siombe Buluo. Minye naomba bidole yangu!" Wakaniombea, wakanywa ile chai ya watuhumiwa, wakaenda.

Nilimfuata défenseur mmoja ambaye ofisi yake iko karibu na mahakama. Défenseur si wakili kamili, lakini katika tribunal de paix, mahakama ya chini, anaruhusiwa kusimama na kusema, na huyu anapenda kusema. Ni mteja wangu wa siku nyingi. Nimeshamkaripia mara tatu kuhusu kusaini bila kusoma. Alisoma PV yangu. Akavua miwani. Akaisoma tena.

"Mama ya 'soma mbele'," alisema polepole, kwa raha. "Na weye?"

Nikamwacha acheke mpaka amalize. Alistahili.

Alipomaliza alikuwa mtu wa maana kabisa. Alinieleza kwamba njia zipo, sikosi njia. Ninaweza kupatana na bima nje ya mahakama, ambayo ndiyo njia ya amani, ila bima imejificha nyuma ya ule mstari na haitaki kutoka. Na hata ikitoka na kunipa chochote, karatasi ya mapatano itakuwa na sentensi kwamba sina tena la kudai. Nikiisaini, kisha mkono ukafa mwaka ujao, nimekwisha. Hapo akanitazama, na mimi nikasema ndiyo, nitaisoma.

Ninaweza pia kupeleka malalamiko kwa waendesha mashtaka, kwenye parquet, wao wachunguze. Hiyo ni njia ya kawaida, ya watu wenye subira. Nilimuuliza vidole vyangu vina subira kiasi gani. Akasema basi iko njia nyingine: kumwita mwenye magodoro moja kwa moja mbele ya hakimu, kwa kosa la kumjeruhi mtu bila kukusudia. Katika kesi hiyohiyo mimi ninaingia kama partie civile, mtu aliyeumizwa anayedai alipwe kwa madhara yake, na bima inaitwa na yenyewe.

"Njo njia ya mbiyo," alisema. "Lakini sikia muzuri, mama. Weye utaomba bidole. Hakimu, ye anaweza kutoa na malipizi juu ya ule muntu, hata kama weye hauombe. Ule mulango ukiufungua, haichagulake kinaingia nini."

Malipizi kwetu ni adhabu, na sikupenda kusikia hilo. Nilimuuliza kama naweza kwenda kwa upande wa madai tu, bila kosa la jinai. Akasema ndiyo, kwenye mahakama ya juu zaidi, na akanitajia mtu aliyeanza kesi ya namna hiyo nywele zake zikiwa nyeusi.

Na njia zote, alisema, zinapita kwenye ule mstari. Hati ya polisi inaaminiwa mpaka mtu aonyeshe kwamba si kweli. Nani alisikia mkisalimiana? Polisi alikuwa amehamishwa, hakuna aliyejua yuko kituo gani. Muuza mboga alisikia kelele zake mwenyewe tu. Sote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja, aliyekuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye godoro akisema pole, pole. Wakili wa bima, alisema défenseur, ameshamwambia anyamaze, na hapo hana haja hata ya kudanganya. Akinyamaza, karatasi inamwokoa.

Siku chache kabla ya kesi nilikwenda dukani kwake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Alinikaribisha, akafuta kiti, akaniuliza habari, nikasema bien, tukatazamana, na nusura nicheke. Alikuwa na magodoro ya maua, ya mistari, moja la rangi ya waridi ambalo alisema halinunuliki. Nilizungumza kuhusu bei ya usafiri, kuhusu umeme unaokatika, kuhusu lile la waridi. Maneno niliyoyapanga hayakutoka. Nimwambie nini? Kwamba, papa, njoo usimame mbele ya hakimu ujitie hatiani kwa sababu mimi, mtaalamu wa karatasi, sikusoma karatasi? Nikaaga. Nimewasumbua watu wengi maishani mwangu kwa mdomo huu, lakini siku ile ulinikatalia.

Siku ya kesi nilivaa kitambaa changu kizuri na kitambaa kingine cha kushikia mkono, vinavyofanana, kwa sababu dada yangu alisema hata mgonjwa anaonekana. Chumba kilijaa. Mke wa mwenye magodoro aliketi mstari wa mbele, mtandio wake umefungwa vizuri, macho mbele. Hakimu alikuwa mtu mkavu, anasoma kwa haraka. Akafika kwenye mstari.

"Mama, ulisema uko bien, ao haukusema?"

"Nalisema, monsieur le président. Ile ilikuwa paka yambo, salamu tu."

Watu wakacheka. Wakili wa bima akainuka, kijana mwenye joho la kung'aa, akauliza kwa upole mwingi mama anafanya kazi gani. Nikasema. Akauliza kama ni kweli ukutani kwa mama kuna tangazo fulani. Nikasema ni kweli. Akauliza linasema nini. Nikalitaja. Safari hii walicheka mpaka askari wa mlangoni, na mimi pia ningecheka kama kingekuwa kiwiko cha mtu mwingine. Défenseur wangu aliinuka akasema mengi kuhusu malezi, mila na mifupa, na picha za hospitali zikaonyeshwa. Wakili alijibu kwamba mfupa unaweza kuvunjika siku yoyote, hata nyumbani baadaye, na kwamba siku ya ajali mhanga mwenyewe alitangaza yuko vizuri. Niliona hakimu anaitikia kwa kichwa.

Ndipo hakimu akamgeukia mwenye magodoro, kwa kawaida tu, kama mtu anayetaka kufunga jalada. Alimuuliza kama ana la kuongeza. Wakili alikuwa ameshatikisa kichwa kwa niaba yake.

Alisimama. Kofia ilikuwa mkononi. Kiswahili chake ni cha kwao, kinatembea polepole kuliko chetu.

"Mimi nilisikia," alisema. "Polisi alimwamkia mama, mama akaitika. Ilikuwa salamu."

Wakili akamshika mkono wa shati. Hakimu akainua macho kutoka kwenye karatasi kwa mara ya kwanza siku ile.

"Papa, unajua ile unasema inakurudilia weye mwenyewe?"

"Najua. Lakini mkono wake ulikuwa umevunjika pale pale, niliuona." Alitafuta neno kidogo. "Kama alikuwa bien, mimi ningemshushia godoro la nini?"

Hakuna aliyecheka. Mke wake aliinamisha kichwa. Mimi nilitaka kusema kitu, asante au samahani, sijui, na hakimu akaniambia niketi.

Mambo yakaenda kama défenseur alivyosema. Bima iliamriwa kulipia upasuaji na muda niliokaa bila kazi, na ikalipa baada ya kusukumwa. Mwenye magodoro alipatikana na hatia. Hakupelekwa Buluo, kifungo chake kiliwekwa kando kwa sharti asikosee tena, lakini leseni yake ilisimamishwa kwa miezi kadhaa, na mtu anayeuza magodoro bila kuendesha gari ni mtu anayeomba shemeji zake wamwendeshe kila asubuhi. Nilimwona mara nyingi ameketi upande wa abiria kwenye pikapu lake, kofia kichwani, mikono juu ya magoti.

Upasuaji ulifanikiwa. Kidole cha pete kimerudi chote. Kidole kidogo kimerudi kiasi, ni mvivu kidogo, na a zangu zinachelewa nusu hatua nyuma ya herufi nyingine, lakini zinafika. Dada yangu ananiambia nilishinda. Mama za kanisa, ambao sasa wote walikuwa upande wangu tangu mwanzo, wananiambia nilishinda. Mke wa mwenye magodoro ananipita sokoni kama anapita ukuta, na simlaumu. Mume wake ananisalimu.

Nimejiweka mahali pake mara nyingi, nikiwa peke yangu kibandani, vidole vinajipasha moto juu ya kibodi. Ninajiweka pale mbele ya hakimu, mke wangu mstari wa mbele, wakili kando yangu, na karatasi ambayo inaniokoa bila mimi kusema uongo hata mmoja. Ninajaribu kusimama. Ninaijua tabia yangu, na nimezoea kusema ninachokiona hata kisipopendeza, basi niseme na hili: ningenyamaza. Ningeketi, ningemwacha yule mama aende na mkono wake, na ningejiambia kwamba alisaini mwenyewe. Nimepona kwa sababu mtu niliyemshtaki ni mwema kuliko mimi, na mpaka leo, pamoja na mdomo wangu wote, sijaweza kwenda kumwambia.